Ngazi Nilizonunua Kamembe

Muganza, Jumamosi jioni. Mvua imekataa kuisha, na mimi nimekataa kupika.

Nimekaa kitandani na simu mkononi. Kwenye mchezo nina nyumba ya ghorofa, ng'ombe wanaojikamua wenyewe na kisiwa kizima kisicho na mtu. Wiki iliyopita sikuwa na chochote kati ya hivyo. Nilikuwa na Nadine.

Nadine nimekua naye Bukavu, upande wa Kongo, nyumba kwa nyumba. Familia yangu iliporudi Rwanda yeye alibaki kule, anauza vitenge. Siku hizi kuvuka mpaka si jambo la kuamka na kwenda, kwa hiyo tulikuwa tunakutana kwenye mchezo wa shamba. Kila jioni, waya masikioni, tunapasua kuni na mawe. Kazi yenyewe inachosha: unagonga jiwe lile lile mpaka kidole kinaota sugu. Lakini huku tukigonga tunaongea. Mama yake anaendeleaje na kikohozi, mchumba wake amekuja na uongo gani mpya. Kazi hiyo yeye aliiita salongo, kama ile ya pamoja ya kusafisha mtaa tuliyofanyishwa utotoni.

Shida ilikuwa zamu zangu kiwandani. Napima malori ya saruji kwenye mizani, na nikirudi macho yamekwisha. Nikabaki nyuma. Nadine angeweza kupanda ngazi kitambo, lakini alikataa, akawa ananisubiri. Niliona aibu. Nilijiona mzigo.

Basi Jumatatu nikaenda Kamembe kwa Papa Aline, mwenye duka la chaja na vioo vya simu, ambaye hulipia watu vitu vya mtandaoni kwa kadi yake. Nilitaka ngazi chache tu, nimfikie mwenzangu. Akacheka.

"Maman, chukua paquet kubwa! Utapita bote."

Nikachukua kifurushi hicho kikubwa. Pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya godoro jipya ikaishia hapo, na nilitoka dukani natabasamu kama mjinga.

Hakuna aliyeniambia kwamba mchezo hauchanganyi watu. Ukivuka ngazi fulani unahamishiwa kisiwani, na huwezi tena kurudi bondeni kwenye mashamba ya wanaoanza. Nadine yuko bondeni.

Nilimpigia kumweleza, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akasema polepole:

"Chantal, weye ulilipa amende. Miye nilikuwa nakungoya ku salongo, weye ukalipa amende."

Ambaye hakukulia kule huenda asielewe jinsi neno hilo linavyouma. Asiyetokea kwenye kazi ya mtaa hutozwa faini, ndiyo hiyo amende, na wenye uwezo hulipa wakaendelea kulala. Tuliwasema sana watu hao, mimi na yeye, makoleo mikononi. Tulisema wana hela, hawana habari na sisi.

Tangu siku hiyo meseji zangu anazijibu "sawa". Basi.

Leo asubuhi kwenye umuganda, salongo ya huku Rwanda, nilizibua mtaro pamoja na mwanamke nisiyemjua. Tuliongea bei ya mchele, tukacheka kidogo, tukaagana. Nilirudi chumbani nimemkumbuka Nadine.

Ninaandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Hapo nimeacha kuandika kidogo, nikafuta akaunti yangu ya mchezo. Nyumba, ng'ombe, kisiwa, vyote. Mchezo uliniuliza kama nina hakika, ukauliza tena, nikabonyeza ndiyo huku nalia. Nimeanza upya bondeni na shoka butu na kofia iliyotoboka. Nimezunguka katikati ya wageni mpaka nikaliona shamba lake, nikabisha.

Taa ya kijani inaonyesha yumo ndani. Hajafungua.

Sitabisha tena. Nimeanza kupasua kuni hapa nje ya uzio wake, polepole, ili akichungulia anikute kazini.