Kipande cha Sandali

Jumatatu, 4 Machi 1991
Mwanangu Aoko amelamba sabuni sasa hivi! Ameivuta kwenye beseni, akalamba, akakunja uso, kisha akanicheka mimi. Meno mawili tu! Karatasi ya sabuni imeandikwa "sandalwood". Basi nimechagua neno hilo la Ijumaa.
Nasari ya kanisa hapa Kondele inataka msaidizi. Tumeomba wawili, mimi na Agneta wa Awasi. Yeye ana fomu foo. Mimi niliishia darasa la saba. Mwalimu Bilha anasema Ijumaa kila mmoja awafundishe watoto neno moja la Kiingereza, na limetoka wapi. Kazi hii naitaka jamani — wanakubali nije na Aoko!

Jumatano, 6 Machi
Nimemuuliza Bibi Kantaben, mama wa Kihindi ninayemfulia nguo. Akacheka. Ati neno ni lao! Kwao ni chandan. Likaenda na mti wenyewe, msandali, mpaka kwa Waarabu, wakaita sandal. Wagiriki wakalisema kivyao. Waingereza wamelipata mwisho kabisa. Nami nilidhani Kiingereza chote kimezaliwa Ulaya! Akasugua kipande cha mti juu ya jiwe lenye maji, akanipaka mkononi. Harufu yake — ! Amenipa kipande, kama kidole. Ati nisikichome, nisugue tu.

Alhamisi, 7 Machi
Lornah amekichoma! Jirani yangu huyu anakaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki, hapo mlangoni. Alikosa kijiti cha kuwashia jiko, akaona changu dirishani. Nililia. Ploti nzima ikanukia, wateja wakajaa. Lornah naye: "Wewe Mama Aoko, nyamaza. Karai limeisha lote! Lete kingine." Nikacheka na machozi yangu. Nimeokoa nusu, nyeusi upande mmoja.

Ijumaa, 8 Machi
Niko kwenye benchi nje ya nasari. Agneta ametoka. Kiingereza chake kizuri, lakini watoto walianza kusukumana. Aoko amelala mgongoni.
Nimekwangua ule weusi. Ndani bado inanukia! Nina jiwe, nina maji kwenye chupa. Sitahubiri. Nitawapanga watoto mstari: wa kwanza awe Mhindi, namsugulia, anampaka Mwarabu, Mwarabu anampaka Mgiriki, mpaka Mwingereza. Kila mmoja aseme neno kama kwao.
Mwalimu Bilha ananiita. "Mama Aoko, ingia na huyo mtoto wako." Wa kwanza atakuwa yule mdogo wa pale mlangoni, anayechungulia huku ananusa.