Bendera ya Mume Wangu

Jumanne, 15 Julai 2025

Kelestini wangu kavaa kizibao cha rangi ya machungwa — jamani, alivyopendeza! Wajenzi wa barabara wamempa kazi ya bendera hapa Kibaoni. Akiinua nyekundu, malori ya mpunga yote kimya. Mume wangu huyo! Nami napita dirisha kwa dirisha na ndoo ya vitumbua. Kabla ya hapo nilikuwa nauzia mlangoni, jioni tunakula wenyewe mpaka tunavichukia. Leo ndoo imerudi tupu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimegundua kitu, nusura nilie. Kele hainui kijani mpaka achungulie ndoo yangu! Vitumbua vikibaki, foleni nayo inabaki. Nani kapendwa hivi? Dereva wa lori la Mlimba alifoka: "Bwana bendera, tunaozea hapa!" Kele akamwambia avumilie, greda linageuza. Greda lenyewe limezimwa. Dereva wake yuko kivulini anakula vitumbua vyangu.

Ijumaa, 18 Julai

Dada Balbina, muuza mahindi ya kuchoma, kaja nyumbani na jogoo. "Mdogo wangu, mwambie shemeji asubiri na mahindi yangu yaive." Nikamkataa jogoo. Kele akampokea.

Nimemwambia naogopa. Msimamizi keshafukuza wawili kwa uzembe, na kibarua hiki ndicho kinatulipia chumba. Kacheka! Eti msimamizi hatoki kambini.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nimekalia ndoo, barabarani.

Foleni leo ilikuwa ndefu. Nyuma ya lori la mwisho, pikapu nyeupe. Ndani — msimamizi! Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanunua vyote vilivyobaki. Nikapindua ndoo nikung'ute makombo.

Kijani ikapanda papo hapo!

Magari yakaondoka. Yeye hakuondoka. Akaitazama ndoo. Akaitazama bendera. Akatafuna polepole.

"Yule kijana unamfahamu?"

Ningeweza kusema namwona tu njiani. Lakini mwezi mzima wa ndoa sijachoka kulitamka neno hilo, mdomo ukanitangulia:

"Ni mume wangu!"

Tena kwa tabasamu, mpaka magego yakaonekana.

Akashuka, akamfuata Kele kwa miguu. Sasa wamesimama pamoja. Msimamizi anaongea, mikono inaruka. Kele ananionyesha kidole — mimi! Wananitazama wote wawili. Bendera zote mbili ziko chini vumbini, hakuna aliyezishika. Foleni imejifunga yenyewe, pande zote. Na dada Balbina anauza, anauza, anauza...