Mtihani Umefanyika Sindeni

Mwalimu Mhina,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia, asije mtu akasema Zaina amekosa adabu. Adabu ninayo. Kilichoniishia ni uvumilivu, na nataka nikueleze kwa nini.

Nianze na siku tuliyokuzika, maana kuna jambo lilitokea. Kabla jeneza halijatoka nyumbani kwenu Handeni, kaka yako alisimama akasema yale yanayosemwaga: marehemu alikuwa binadamu, kama yupo anayemdai ajitokeze, familia ipo. Wanaume walikuwa nje chini ya maturubai, sisi wanawake ndani na barazani. Ndipo Bibi Mwanaidi wa Sindeni akainuka pale mlangoni akasema anakudai. Kaka yako akamwambia kwa upole, mama, njoo tuyaongee pembeni. Akakataa. Akasema si hela. Uliwaahidi watu wa Sindeni kwamba mtihani wa chuo chetu cha masomo ya mbali utafanyika kwao, ndani ya ghala lao, na mkamwana wake Zuhura ana mimba kubwa anausubiri mtihani huo, sasa ahadi hiyo anabaki nayo nani. "Sijamsamehe mpaka nijue," akasema.

Watu walinong'ona sana. Wengine walimvuta khanga akae. Mwalimu, mimi sikufikiri hata kidogo. Nilisikia sauti yangu ikisema ahadi hiyo naichukua mimi. Mimi karani wa ofisi yako, Msambaa wa Mpale, mtani wako tu, mbele ya ndugu zako wote. Kaka yako akanitazama, akasema, "Haya, imesikika," na jeneza likabebwa.

Nilirudi ofisini Korogwe nikaanza kutafuta karatasi. Nilitoa kila faili kwenye kabati lako. Nilikuta daftari za ziara, nikakuta miwani yako ya zamani imefungwa kwa uzi, nikalia kidogo, nikaendelea. Makubaliano ya chuo na Sindeni hayakuwepo. Na hapa lazima nikuseme, hata kama umekufa. Ulikosea.

Utaratibu wako naujua, nimeufuata miaka yote hiyo. Unakwenda kijijini siku ya mnada, kwa sababu siku hiyo wafugaji na wakulima wote wapo. Safari ya kwanza unakaa tu, unasalimia watu. Ya pili unamsaidia mtu kujaza fomu yoyote aliyonayo, hata kama si ya chuo. Ya tatu ndiyo unaomba chumba. Sindeni walikupa chumba kimoja cha ghala la kijiji, na wewe ukawapa wanafunzi wako: Jumamosi wasome humo, na wakimaliza wawasomee watu hati za mashamba yao na kuwafundisha kusoma wanaotaka. Lilikuwa jambo zuri, sijaona zuri kama hilo. Lakini nilipokuambia tuliandike, ulinicheka. Ulisema, "Nyie Wasambaa mnapenda karatasi. Wameshanilisha ugali hawa, niwasainishe cha nini?" Nikaliacha kwa sababu ulikuwa mkubwa kwangu. Sasa ona.

Mratibu aliyekalia kiti chako ni mtu mstaarabu, simsingizii. Salamu anazo, kazini anawahi. Ila kwake ushirikiano na jamii ni bango. Tunafika kijijini na gari, bango linatundikwa, fulana zinagawiwa, picha zinapigwa, tunaondoka na bango letu. Nilipomweleza habari za Sindeni alifungua orodha kwenye kompyuta akasema hakuna hati, kwa hiyo hakuna kituo. Wanafunzi wa Sindeni waje kufanya mtihani Korogwe, kama wenzao. Nikamwambia kuna mwanamke ana miezi minane, na mvua zimeharibu barabara. Akasema taratibu ni taratibu.

Nilikwenda Sindeni kwa mtendaji wa kijiji. Tulipekua mihtasari ya mikutano yao yote hadi tukaipata. Wao waliandika, Mwalimu. Wewe ulikula ugali ukaondoka, wenyewe wakaandika kwamba wananchi wameridhia chumba cha ghala kitumiwe na wanafunzi wa chuo kwa masomo na mitihani. Kuna sahihi, kuna dole gumba, na mhuri upo. Nilitoa nakala nikampelekea mratibu. Akasoma hadi mwisho, akasema hapa kimesaini kijiji peke yake, chuo hakijasaini.

Basi. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo wengine wanasema usingelifanya. Mimi nasema ungelifanya, ila ungechelewa.

Ofisi ilikuwa inaandaa siku ya chuo na jamii. Wageni walitoka makao makuu, viti vikapangwa uwanjani, bango kubwa likatundikwa. Mimi niliandika kadi za mialiko, na mimi niliwapigia simu Sindeni. Sikatai. Walifika asubuhi kabla ya wageni: Bibi Mwanaidi, Mzee Lemayani na wafugaji wenzake wawili wenye shuka zao, wakulima kadhaa, na Zuhura mwenyewe na tumbo lake. Wakakaa viti vya mbele. Mratibu akaja mbio kuwaambia viti hivyo ni vya wageni rasmi. Bibi Mwanaidi akamwonyesha bango, akamwuliza, "Hapo pameandikwa nini, baba? Si jamii? Ndiyo sisi." Kisha akajitengenezea khanga vizuri na hakuondoka. Laiti ungemwona.

Mama mmoja wa makao makuu akauliza hawa wametoka wapi. Nikajibu mimi. Nilimpa muhtasari. Aliusoma akiwa amesimama, akamwuliza mratibu kalamu iko wapi. Mratibu akasaini pale pale, mezani, juu ya kitambaa cha sherehe. Mzee Lemayani akaomba ipigwe picha ya karatasi, si ya watu, akasema watu watazeeka. Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Mtihani umefanyika, Mwalimu. Umefanyika Sindeni. Msimamizi alifika na bahasha imefungwa kwa lakiri, akaifungua mbele yao kama inavyotakiwa. Zuhura alikaa upande kwa sababu tumbo halikuingia kwenye dawati, akaandika hadi dakika ya mwisho. Unajua njia ya mifugo inapita nyuma ya ghala. Siku hiyo wakulima waliwaambia wafugaji wapitishe ng'ombe kwenye mashamba yaliyokwisha vunwa, ili kengele zisiwasumbue walio ndani. Watu wale wale waliokuwa wakipelekana kwa mtendaji kila msimu. Nilisimama nje nikiwaangalia, na nilitamani sana uwepo. Ningekugombeza kwanza, halafu ningekuonyesha.

Zuhura amejifungua, wapo salama. Bibi Mwanaidi alinipigia simu, hakusema mengi. Alisema niifikishe kwako habari kwamba moyo wake umetulia. Ndiyo nimeifikisha.

Mimi je? Ofisi imenipa barua ya onyo. Nimealika watu bila idhini, nimevuruga ratiba ya wageni. Wanataka nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua. Mama yangu ana hofu, anasema niombe radhi nilinde ajira. Sitaomba radhi kwa sababu mtu ameketi kwenye kiti. Wakitaka kunifukuza wanifukuze, chuo kile nimesoma mimi pia, nikiwa nauza mihogo stendi ya Mkata, na vitabu vya moduli ukiniletea wewe mwenyewe. Hawawezi kunifundisha maana ya jamii.

Ninakuaga sasa, Mwalimu. Nakuombea kwa Mungu akulaze pema. Nakuahidi kwamba popote ulipowaahidi watu kwa mdomo, nitapita nyuma yako na kuandika, kijiji baada ya kijiji, hata kama itanichukua umri wangu wote.

Na barua yao nimeijibu leo asubuhi. Nimeandika kwamba nimeipokea na nimeielewa. Halafu nimeambatanisha muhtasari wa mkutano wa kijiji chetu cha Mpale, wenye mhuri, unaotoa chumba kwa mtihani ujao, na chini yake nimeacha mstari mmoja mtupu, mahali pa chuo kusaini.

Mwanafunzi wako,
Zaina