Vijiti vya Buyangu

Shirere, Kakamega
Julai 16, 1996

Kwa dada yangu mpendwa Gentrix,

Nakusalimu wewe, shemeji Osiako na watoto wote hapo Kitale. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku ni wazima wa mwili. Phoebe anakusalimu sana, na anakushukuru kwa unga wa wimbi uliotutumia. Mvua inanyesha kila alasiri kama kawaida yake.

Barua yako niliipata Jumamosi. Umeniuliza habari za njiwa wangu, kisha ukanieleza uamuzi wako juu ya Awinja, mke wa marehemu kaka yetu Jairus: kwamba siku ya mahari ya Lynette hataketi mahali pa mke wa mjomba, kwa sababu hutaki mtu mwongo amsemee binti yako. Nitakujibu yote mawili, na utaona ni jambo moja. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kuzungumza na mtu yeyote.

Tuanze na njiwa. Nilinunua jozi nyeupe mwezi wa tatu, nikawajengea banda juu ya nguzo nyuma ya nyumba. Majirani walicheka, wakasema njiwa hawakai kwenye boma lenye kelele, na mimi hugombana hata na redio. Niliwajibu kwamba njiwa anachotaka ni kiota, basi. Lakini kiota ndicho kilichonishinda. Mayai ya kwanza yalitagwa juu ya ubao mtupu. Kinda alipoangulika, ubao ukawa unamtelezesha, miguu ikatanuka pande mbili kama ya chura, na hakuwahi kusimama. Maina mwenye duka akaniambia niweke nyuzi za gunia. Uzi ukamzunguka kinda mwingine mguuni, ukamkaza mpaka mguu ukakauka. Nikajaribu majani makavu ya miwa, ambayo kila mtu huku ana ya kutupa. Ni mapana, yanashika unyevu, na utitiri ulijaa humo mpaka ukaniwasha mimi mwenyewe.

Basi nikaingia vitani kama unavyonijua. Nilisoma kila nilichopata, nikabishana na kila aliyefuga hata kuku. Nilikaa kwenye kigoda nikawatazama njiwa wenyewe. Dume huleta kijiti kimoja kwa safari moja, anampa jike, naye jike anakipachika chini ya tumbo lake. Kikiwa kinene anakiacha, kikiwa laini hakishughulikii. Wanataka kijiti kikavu, chembamba, kigumu, kirefu kama kiganja. Nikaamua kwamba vijiti vya namna hiyo vinapatikana mahali pamoja tu, chini ya miti ya msitu kule nyumbani Buyangu. Phoebe aliniuliza saiprasi ya ua wetu ilikuwa na kosa gani. Nilimjibu kwamba saiprasi ni ya watu wasiofikiri. Ndivyo nilivyomjibu mke wangu, dada, juu ya vijiti.

Sasa unajua nilichoandika gazetini mwaka huu kuhusu msitu ule. Niliandika kwamba anayetoa humo hata kijiti kimoja kilichoanguka anawaibia wajukuu wake. Niliwaita askari wa msitu vipofu wa kujitakia. Walinisikia, wakafumbua macho, na tangu hapo kina mama wa kijijini kwetu hawaokoti kuni bila kugeuka nyuma. Mimi ningeonekanaje nikiinama pale? Nikamwomba Awinja, kwa kuwa shamba lake limepakana na msitu. Alikataa. Alisema askari wa siku hizi ni wakali, na kwamba ni kalamu yangu iliyowatia pilipili. Nikamwambia akishikwa aseme ametumwa na Elkanah, hakuna atakayemgusa. Akacheka, akasema haya, shemeji mkubwa wa serikali, akaniletea furushi. Njiwa walijenga kiota siku ile ile, kizuri kuliko vyote. Nikaona raha, nikataka furushi la pili kwa ajili ya kijumba cha pili, maana jike hutaga tena kabla makinda wa kwanza hawajaruka.

Kwa furushi hilo la pili ndipo alipokamatwa.

Siku alipofikishwa barazani kwa naibu wa chifu nilikuwa nimeketi mbele, mgeni aliyealikwa kuzungumza juu ya msitu. Naibu wa chifu alimuuliza Awinja vijiti vile ni vya nini, vidogo hivyo, havichemshi hata chai. Akasema, “Ni vya shemeji yangu, yule pale. Ni vya njiwa wake.” Watu walicheka mpaka watoto waliolala migongoni wakaamka. Naibu akamwambia, “Mama, hata ukidanganya, tafuta jina linalofanana na uongo wako.” Kisha wote wakanigeukia. Awinja naye aligeuka, akitabasamu, kwa sababu alijua nitasimama na kummalizia lile jambo.

Nilisimama. Nikasema sivijui vijiti vile. Kisha nikatoa hotuba yangu yote kama nilivyoiandaa.

Hiyo ndiyo habari iliyokufikia Kitale, ila ilikufikia ikiwa imegeuzwa, kwamba mjane wa Jairus alijificha nyuma ya jina langu. Walimpa adhabu ya kupalilia kitalu cha miche, na hilo alilibeba. Lililomwangusha ni kanisa. Walimwondoa katika uongozi wa kina mama mpaka atubu uongo wake hadharani.

Mimi niliporudi Shirere jioni ile nilipanda ngazi ya banda kwenda kuking’oa kiota, asije mtu akaviona vijiti vya Buyangu kwangu. Jike alikuwa amelalia. Alinipiga bawa mkononi, nikaona mayai mawili chini yake, nikashindwa. Nikatundika gunia mlangoni kama pazia. Makinda wameshaanguliwa, miguu yao imenyooka vizuri. Siwezi kuwatazama kwa muda mrefu.

Dada, hata hapo sijafika mwisho. Jumapili ya tarehe saba Awinja alisimamishwa kanisani, bila kile kitambaa cheupe cha kina mama, akaniomba msamaha mbele ya watu. Mchungaji akaniita nimpe mkono. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Nikamshika mkono, nikasema nimemsamehe. Watu wakapiga makofi. Na kwa kuwa makofi yakipigwa mimi sijui kuketi, niliendelea. Niliwahutubia kina mama juu ya ukweli. Nilihutubu mpaka mchungaji akatazama saa. Awinja alikuwa bado amesimama pale, mkono wake mkononi mwangu.

Ni mimi niliyemtuma, dada. Vijiti ni vyangu, uongo ni wangu, na msamaha nilioutoa haukuwa wangu kuutoa.

Barua yako iliponifikia niliona kwamba sasa namnyang’anya Awinja hata Lynette. Juzi nilikwenda kwake. Nilimkuta akifunga mbuzi, nikapiga magoti palepale kwenye matope nikamwomba radhi. Alimaliza kufunga kamba kwanza. Kisha akasema, “Uliponikana kulikuwa na watu. Leo tuko na mbuzi.” Akaniambia niinuke, nitachafua suruali ya hotuba. Sikukaribishwa ndani, wala sikustahili.

Kwa hiyo nakuomba umrudishe Awinja mahali pake pa mke wa mjomba. Msomee Osiako barua hii, na Lynette pia, usiruke mstari hata mmoja kwa kunionea huruma. Nimeomba nafasi ya kusema kanisani Jumapili ya tarehe ishirini na nane, na nimemwomba naibu wa chifu naye aje. Sikuwaambia ni kwa nini. Wanadhani nitazungumzia upandaji miti.

Njoo, dada yangu. Keti benchi la Awinja, usiketi langu. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa waheshimiwa wote niliogombana nao. Nikisimama nikaanza kuzunguka, nikataja msitu, serikali na wajukuu, wewe kohoa. Nisipokusikia, simama uniulize mbele ya wote vijiti vilikuwa vya nani.

Wasalimu wote hapo nyumbani, kila mmoja kwa jina lake, na Mungu akusafirishe salama.

Ni mimi, mdogo wako,
Elkanah Shikanga