Taa Zilizosimamisha Posa

Kwa Bi Zuhura, mke wangu mheshimiwa,

Assalaamu alaykum. Madhumuni ya kadi hii ni kuomba uamuzi wako juu ya posa ya mwanetu. Picha ya karafuu iliyo upande wa pili isikudanganye, sina utulivu.

Leo asubuhi, kwenye daraja jembamba karibu na Wete, gari lililonielekea liliniwashia taa mara mbili. Mimi najua maana yake ni "simama, napita mimi," nami nikasimama. Naye akasimama! Tulipochoka tukaondoka pamoja, na kioo changu cha pembeni kikavunjika. Nikashuka, nikamweleza mzee aliyeliendesha kwa Kiswahili fasaha kwamba hastahili leseni.

Kufika Jadida ukweni, namkuta mzee huyo huyo barazani. Ndiye ami yake binti tunayemposea mwanetu, na ndiye msemaji wa posa.

"Kwa taa zile nilikwambia pita, mgeni wetu," akasema. "Nakupa njia, nawe wanipa matusi? Omba radhi kwanza, ndipo tuzungumze."

Nimekisoma kitabu cha sheria za barabarani mara tatu. Hakuna ukurasa unaosema taa ni ukarimu! Nimekataa. Chai yao ya tangawizi imepoa mbele yangu, na mwanetu hanitazami.

Nakukumbuka sana; Mungu akuhifadhi. Kadi inakuja na jirani yetu anayepanda boti leo, maana haya yote kwa simu hapa barazani wangenisikia. Ukishaisoma, tafadhali nipigie simu uniamulie: niombe radhi, au nirudi bila mchumba?

Mumeo,
Salim