Betri za Vifaranga au za Mpira

Jumatano usiku

Yule muuzaji kutoka Malaba ameniudhi, mpaka sasa sijatulia. Betri zetu za zamani ziliniharibia trei nzima ya mayai ya kuangua, zilipokufa stima ilipopotea, kwa hivyo leo niliita watu wawili wanaoweka betri mpya, nichague mmoja.

Huyo wa Malaba alisema zake zitabeba mashine ya kuangua vifaranga, friji, taa na hata TV. Mume wangu akamkaribisha chai papo hapo. Alipomaliza kuunganisha betri zake za kujaribu, mimi nikaenda kwenye swichi kuu ukutani nikazima stima. Chai haijapoa, kila kitu kikazimika.

"Ni hii baridi, mama, inachosha betri," akasema muuzaji. Baridi gani huku Mundika, na yeye mwenyewe anajipangusa jasho.

Wa pili alikuwa Zaituni, fundi wa Busia mjini. Aliuliza kwanza ni kitu gani lazima kiwake. Mimi nikasema mashine ya vifaranga, mume wangu akasema TV ya kutazama mpira. Kisha akamgeukia mume wangu. "Mzee, kwa betri mnazoweza kununua, mtapata vifaranga ama mpira. Si vyote."

Mume wangu alifikiri sana. "Hao vifaranga wanafunga mabao?"

Nimemchagua Zaituni, kwa sababu ndiye pekee aliyetuambia hapana. Bado naogopa. Mayai mapya yanaingia Ijumaa, na nikikosea tena...

Mume wangu alinuna mpaka jioni. Sasa hivi namsikia nje akimpigia Zaituni simu, anamuuliza kwa sauti ya chini kama redio ndogo nayo inakula stima nyingi.