Kiti cha Mbele cha Wilhelmina

Mkuyuni,
Mwanza.
14 Septemba, 1996

Mpendwa mwanangu Odeta,

Najua ulipofungua tu bahasha hii umekwisha sema shikamoo, nami naitika marahaba, mwanangu. U hali gani huko Newala? Watoto wanakula? Mikorosho je, imeanza kutoa maua? Mimi baba yako mkubwa mwili ni ule ule unaoujua, nikikohoa hapa ng'ombe wa Usagara wanageuza shingo. Ila moyo hauko mahali pake.

Simu ya msiba uliipata, na umbali wa huko naujua, usijilaumu. Tulimzika mama yako mkubwa Wilhelmina kwao, karibu na mama yake. Presha ilimshika asubuhi anachambua mchele. Nikamweka kwenye gari kumwahisha hospitali, kiti cha mbele, na mimi nikishika usukani hata upepo unakaa pembeni. Tulipofika Igogo akaegemeza kichwa akasema, "Maige, leo usikimbize." Nikapunguza mwendo. Hakusema tena.

Gari lenyewe ni ile Corolla niliyoitoa Dar baada ya biashara kufunguliwa, ile iliyoshindana na treni kutoka Tabora nikaenda kuisubiri Shinyanga nikinywa chai. Nimebeba sangara humo mpaka basi. Mmoja nilimkalisha kiti cha nyuma, trafiki akanisimamisha akauliza huyu mzee mbona amelala. Kwa hiyo harufu ya humo ndani unaweza kuifikiria.

Lakini kiti cha mbele kilikuwa cha Wilhelmina. Samaki marufuku, na mtu mwenye shati la jasho marufuku. Pale pa kuegemeza kichwa palibaki doa la mafuta yake ya nazi, na ukisogeza pua ni yeye kabisa. Tangu mazishi nilikuwa naingia humo kila asubuhi, nafunga milango, nakaa, majirani wanadhani napasha injini.

Sasa ndugu wakasema gari alimokata roho mtu halipandwi mpaka lisafishwe ndani. Na kazi za msiba, unajua, ni za watani. Akaja Antoni, yule Mgogo anayeshona viatu hapa jirani, na ndoo, Omo, malimao na brashi ya kufulia.

"Toka humo, Msukuma," akasema. "Ninyi mnajua kuogesha ng'ombe tu, gari hamliwezi."

"Na wewe Mgogo umejulia wapi kuosha? Maji yenyewe umeyaona ulipofika Mwanza."

"Ndiyo maana nayaheshimu. Wewe una ziwa zima na gari linanuka kama mwalo wa samaki."

Nikacheka, mwanangu, mara ya kwanza tangu msiba. Nikampa funguo. Nikamwambia osha kote, lakini kiti cha mbele usiguse. Ukikigusa nakurusha ziwani mpaka Ukerewe, na mamba watakurudisha kwa uchungu wa nyama yako. Akacheka sana. Nikaondoka kwa miguu kwenda stendi kumpokea dada yako Tereza anayetoka Musoma.

Tuliporudi nikaona viti vyote vimefunguliwa vimeanikwa juu ya mawe. Zulia kalipiga vumbi, kalisugua, kalitundika. Vioo kavifuta kwa gazeti, malimao kayapitisha mpaka chini ya kanyagio. Sangara kwisha habari yake. Na kiti cha mbele ndicho alichokitakatisha kuliko vyote, pale pa kichwa pamekuwa peupe kama siku gari lilipotoka melini.

Antoni akaniona uso. Povu linamdondoka mkononi. "Mtani," akasema, "nilidhani ni utani."

Na angejuaje, Odeta? Mtani akikukataza kitu ndiyo amekuagiza. Tena nani katika mji huu aliwahi kunisikia nikisema jambo moja bila mamba ndani yake? Mtani hakasirikiwi. Nilitaka kumjibu kitu cha kuchekesha, mdomo ukakataa. Nikakaa kwenye jiwe karibu na kile kiti, nikalia mbele za watu, mimi Maige. Antoni akakaa pembeni yangu.

Jana Tereza alikuwa arudi Musoma. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akakaa, akageuza uso, akaweka pua pale pa kichwa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Baba, panatoa harufu ya Omo."

Nikamwambia ndiyo, mama, ni Omo. Funguo nilikuwa nazo mkononi. Hatukuondoka. Tulikaa humo mpaka basi likaenda bila yeye.

Kwa hiyo bado yupo hapa, anakusalimu sana. Bibi Kashindye na Masele nao wanakusalimu. Msalimie mumeo Gidion, na mdogo wako Pius akifika huko. Mungu awafunike wewe na watoto, akuwekee miaka mingi na huyo uliyenaye.

Ni mimi nikupendaye daima,
Baba yako mkubwa,
Maige